Kwanza Tumalize ya Mwaka Jana

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya watoto wa darasa la saba nikawaeleza maana ya mkono wa birika. Ni mtu mchoyo, niliwaambia, mtu ambaye kutoa kwake ni kama kung'olewa jino. Wakaandika kwenye madaftari, wakasoma kwa sauti, tukasonga mbele. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama mwalimu anamjua mtu wa namna hiyo. Angeuliza ningemchapa, maana enzi hizo kiboko kilikuwa hakijapigwa marufuku, kisha ningerudi nyumbani kumpimia mume wangu chakula.

Sikuwa na roho mbaya. Hilo nalisema mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wakidhani mtu mbanifu ni mtu asiyependa wenzake. Mimi nilibana kwa sababu nilipenda. Nilizaliwa Kasikeu, upande wa Makueni, kwa mama aliyekuwa ameona mvua ikikataa mara nyingi, na ambaye mwaka mmoja aliuza kitanda chake kwa debe la mahindi, akalala chini hadi nilipoingia sekondari. Mtu wa aina hiyo hakuachii shamba tu. Mama alituachia sheria: mavuno mapya hayafunguliwi kabla ya yale ya zamani kuisha.

Ukiisikia hivi inaonekana ni busara tupu. Lakini fikiria vile ilivyokuwa. Mvua imenyesha, Mungu amekumbuka, mahindi yamekauka vizuri, mbaazi zimejaa, kila boma linanukia chakula kipya. Majirani wanachemsha, watoto wao wanatembea na midomo inayong'aa. Sisi kwetu tunaambiwa, "Kwanza tumalize ya mwaka jana." Na ya mwaka jana yamejaa fukusi. Unayapepeta, unga mweupe unapeperuka, punje zina matundu, ukizichemsha zinaelea. Tunakula hayo miezi minne, mitano. Tukifika kwa yale mapya, nayo yamekuwa ya zamani, na shambani kuna mengine yanakauka. Nimekua nikila chakula cha mwaka jana katika nyumba yenye chakula cha mwaka huu. Akiba haiozi, husema Waswahili. Nafikiri Waswahili waliosema hivyo hawakuwa na fukusi.

Nilipoolewa Kitui, nje kidogo ya mji wa Kabati, nilikuja na sanduku moja na sheria hiyo.

Mume wangu alikuwa dereva wa serikali, aliyewapeleka maofisa wa maji huku na huko kwenye sehemu kavu, hadi Tseikuru ambako watu wanafuga kuliko kulima. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Akiingia kanisani hata kama amechelewa, waimbaji walijua, kwa sababu besi ilipata nguvu ghafla. Hakuwahi kurudi safari mikono mitupu. Leo tikitimaji, kesho kuku aliyefungwa miguu, siku nyingine asali ya Tseikuru, nyeusi, bado ina vipande vya nta. Ananiita tangu langoni, "Mwalimu! Mwalimu, kuja uone!" Hata kabla hatujaoana aliniita Mwalimu, na hajawahi kuniita kwa jina lingine.

Mimi nilifanya nini na vitu hivyo? Kuku nilimfuga. Asali niliifunga mdomo kwa nailoni nikaiweka juu ya kabati la nguo, iwe dawa. Watoto wetu watatu walikua wakiamini asali ni dawa ya kikohozi inayotolewa na mtu mzima kwa kijiko. Mdogo wao alishangaa sana alipofika chuo akaona wenzake wakiipaka kwenye mkate.

Hakulalamika. Wakati ule tulikuwa na karo, tulikuwa na mama yake mgonjwa, tulikuwa na nyumba ya kumalizia. Kila mtu alibana. Alikuwa akinitania tu, "Ponda mali, Mwalimu, kufa kwaja," nami namjibu kwamba kufa kukija kutatukuta tumelipa karo. Tunacheka. Nilidhani sote wawili tunacheka kitu kimoja.

Yeye alistaafu kwanza. Mimi nilifuata baada ya miaka miwili. Siku niliporudi nyumbani na zawadi zangu za kuagwa, blanketi na saa ya ukutani, alikuwa amenichemshia maji ya kuoga na kunitolea kiti nje. Akaketi mbele yangu kwenye kigoda, mtu mzima na tumbo lake, akanishika magoti.

"Mwalimu," akasema, "watoto wamemaliza. Karo imeisha. Hii miaka imebaki nataka tuile tukiwa na meno."

Nikamuuliza kuila vipi.

Alikuwa amefikiria. Ilionekana kabisa ni kitu alichokuwa amekibeba kwenye usukani miaka mingi. Alitaka tuende Kasikeu kwa watu wangu siku ambayo hakuna matanga, tukae tu. Alitaka anipeleke Tseikuru nikawaone wale wafugaji waliokuwa wakimchinjia, kwa sababu walimuuliza kila mara huyo mwalimu yuko wapi na hakuwa na jibu. Na alitaka siku ya soko twende Kabati sisi wawili, tukae mahali, tule nyama ikiwa moto, halafu turudi nyumbani jioni. Mara moja kwa mwezi. Hakutaka gari, hakutaka ghorofa. Alitaka kufurahi na mke wake kabla hajazeeka kabisa, na ruhusa ya furaha hiyo ilikuwa kwangu, kwa maana kiinua mgongo chake na changu vilikuwa katika akaunti ambayo sahihi yangu ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini kwanza tuweke tangi."

Tukaweka tangi. Likawa kubwa, la kukinga maji ya paa lote. Akaniuliza. Nikasema kwanza tubadilishe mabati ya jikoni, hayo yanamwaga kutu ndani ya maji. Tukabadilisha. Akaniuliza. Nikasema tungoje mvua tuone itakuwaje. Mvua ilipokuwa nzuri nikasema kuna kazi ya kuvuna. Ilipokuwa mbaya, nani atakwenda kutembea mwaka mbaya? Na kila mara nilikuwa na sababu ya kweli. Hata moja haikuwa uongo, na hilo lilinifanya nilale vizuri.

Halafu akaanza kwenda kuangalia bei ya mbuzi.

Kila siku ya soko, baada ya chai ya saa nne, anavaa koti, anasema, "Wacha nikaone mbuzi wamefika ngapi." Sisi tulikuwa na mbuzi wanne na hatukuwa na mpango wa kuuza hata mmoja. Niliona ni mambo ya wanaume waliostaafu, wanakwenda kusimama sokoni na kutoboa ardhi kwa fimbo. Hadi dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliponivuta kando baada ya ibada. "Mama, sitaki kuleta maneno," akasema, na mtu akianza hivyo ujue maneno yameshafika. "Lakini mzee wako huwa tunamwona akiingia kule nyuma ya bucha. Kila soko. Anakaa saa nzima."

Niliwaza nini? Nilichowaza ni kile ambacho mwanamke yeyote angewaza. Nyuma ya bucha kuna vyumba. Usiku ule sikumwambia neno, na siku ya soko ilipofika nikamwacha atangulie, nikachukua mwavuli wangu, si kwa ajili ya jua, nikamfuata.

Nilipita mbele ya bucha bila kusalimia mtu. Nikasukuma pazia. Ndani mlikuwa na meza tatu, watu wachache, moshi. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye meza ya kona, peke yake. Hakukuwa na mwanamke. Mbele yake kulikuwa na ubao wenye mbavu za mbuzi, chumvi pembeni, ugali kidogo. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa akila polepole, macho ameyafumba nusu, kama mtu aliye kwenye maombi.

Hapo ndipo ningeketi. Mungu alikuwa amenipa nafasi, kiti kilikuwa kitupu mbele yake. Badala yake hasira iliyokuwa imejiandaa kwa ajili ya mwanamke ikakosa pa kwenda, ikamwangukia yeye.

"Haiya! Kumbe huku ndiko bei ya mbuzi inaangaliwa!"

Akaruka. Akafuta vidole haraka kwenye suruali, kama mmoja wa wanafunzi wangu. "Mwalimu! Karibu. Karibu kiti."

"Kiti cha nini? Nimeacha kunde zimejaa sufuria nyumbani, na wewe uko hapa unakula pensheni na mikono miwili!"

Mtu akacheka. Mwenye bucha akasimamisha kisu. Mume wangu akashusha sauti, mtu ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akishusha sauti, akaniambia, "Keti basi, hata kidogo. Bado iko moto."

Sikuketi. Nilimweleza, mbele ya wale watu, kuhusu watoto waliolala njaa, kuhusu mama yangu na kitanda chake, kuhusu wazee wanaomaliza pesa wakarudi kuwasumbua watoto wao. Nilifundisha darasa zima. Alipoona sinyamazi alimwomba mwenye bucha karatasi, akafunga nyama iliyobaki, akanipa. "Hizi mbavu nilikuwa nimekuwekea," akasema. Kama ilikuwa kweli au aliitunga pale pale ili kuniziba mdomo, sijui mpaka leo, na nimeogopa kumuuliza.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Na nyama ile, sikiliza nilichofanya. Niliipaka chumvi, nikaitundika juu ya moto jikoni ikauke, itufikishe mwisho wa mwezi. Nyama iliyochomwa tayari! Baada ya siku chache ilikuwa ngumu kama kamba ya kiatu. Nikampikia vipande viwili viwili na kunde. Aliihamisha kutoka shavu hili hadi hili, akaimeza kwa maji, na nyingine nilimwona akimpa mbwa chini ya meza. Nikamwambia mbwa wetu anakula vizuri kuliko majirani.

Hakwenda tena kuangalia bei ya mbuzi. Koti lilikaa ukutani. Mimi niliona nimeshinda.

Labda mambo yangebadilika baadaye yenyewe, kwa maana siku nyingine nilikuwa nikimwona amekaa nje akitazama barabara na moyo wangu unaniuma kidogo. Lakini ikaja ile miaka ambayo mvua ilikataa, msimu huu na ule uliofuata. Ndengu zilikauka zikiwa maua. Mito ya mchanga ilichimbwa hadi mtu akaweza kusimama ndani ya shimo asionekane. Punda walitembea tangu alfajiri. Na nyumbani kwetu tangi lilikuwa na maji, na stoo ilikuwa na magunia. Tulikula, shemeji yangu na watoto wake wakala, majirani wawili wakachota maji kwetu kila jioni, mtungi mmoja mmoja, nikiwasimamia mimi mwenyewe. Mahindi yalikuwa na fukusi, ndiyo, lakini nani anatazama tundu la punje wakati kama huo? Nisitukane kilichotuokoa.

Jioni moja tukiwatazama wale wanawake wakiondoka na mitungi, mume wangu alisema, "Mwalimu, ulikuwa sawa. Mimi nilikuwa nachezea maisha."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu siku ya harusi.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wangu. Akaanza kuzima taa mapema. Akaanza kuokota punje zilizoanguka wakati wa kupukuchua, moja moja, akijikunja na tumbo lake ambalo sasa lilikuwa linakwisha. Mifuko ya nailoni aliiosha akaianika. Kanisani alikuwa bado anaimba, lakini ilibidi umtafute kwa macho ndiyo ujue yupo. Mvua zilirudi, nzuri kabisa, mavuno mawili mfululizo, na hakuna aliyezungumza tena juu ya Kasikeu wala Tseikuru. Nilisubiri anikumbushe ili nimwambie tungoje. Hakunikumbusha.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja karibu na tangi. Nilimsikia akiniita, lakini neno lilikuwa limepinda, nikadhani anatania. Nilipotoka nilimkuta ameketi chini, ameegemea tangi, upande mmoja wa uso umeshuka, na maji yanamwagika kutoka kwenye bomba. Mkono wake mzima ulikuwa unajaribu kulifunga.

Wiki tulizokaa hospitali mjini Kitui sitazieleza zote. Nitasema haya mawili. La kwanza, pesa nilizozibana zilisaidia. Kuna kilicholipwa na bima na kuna tulichotoa mfukoni, kuna mtu wa mazoezi tuliyemleta nyumbani hadi mguu ukakubali, na hatukumsumbua mtoto wetu hata mmoja. Anayenisikiliza asiondoke hapa akidhani nawahubiria watu watapanye. La pili, siku za mwanzo hakuweza kumeza. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama koo lake. Koo la mtu niliyekaa naye miaka karibu arobaini, na nikajaribu kukumbuka ni kitu gani kizuri niliwahi kukiweka mdomoni mwake kikiwa bado kizuri. Nilitafuta, ndugu yangu. Nilitafuta hadi daktari alipopita.

Nililia pale, waziwazi, wagonjwa wakiniona. Nikamwambia Mungu amwinue tu, nami nitafungua kila kitu.

Na Mungu alimwinua. Ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Tuliporudi nyumbani mbaazi zilikuwa mbichi shambani. Nilizichuma mimi mwenyewe, nikazimenya, nikazipika na vitunguu na nyanya, nikatengeneza chapati laini zenye mafuta ya kutosha. Nilimwandalia mezani mchana kweupe, siku ya kawaida, bila mgeni. Akaitazama sahani. Maneno yake sasa yanatoka polepole lakini yanasikika.

"Za mwaka jana zimeisha?"

"Zimeisha," nikasema. Haikuwa kweli. Magunia mawili yalikuwepo, nilikuwa nimeanza kuwamwagia kuku.

Akachukua mkongojo wake. Nikamwambia kula kwanza, chakula kitapoa. Alitembea hadi stoo, hatua moja, hatua nyingine, akafungua mlango. Alikaa huko muda mrefu hadi nikamfuata. Alikuwa ameketi juu ya gunia moja la zamani, mkono wake mzima umeshika mdomo wa lingine, jipya, mahali nilipokata kamba. Alikuwa akijaribu kulifunga kwa vidole vitano.

"Mwalimu," akasema, na macho yake yalikuwa na hofu, hofu kabisa, ile niliyokuwa nikiiona kwa mama, "mvua ikikataa tutakula nini?"

Nilimkumbatia pale kwenye magunia. Nilimwambia kiko, mzee, kiko cha kutosha, miaka miwili. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia mtoto akidanganya. Zile mbaazi alikula nusu sahani. Nyingine akaniambia niweke.

Sikukata tamaa. Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nilikodi gari la jirani, na jirani mwenyewe aendeshe, twende Tseikuru. Nilimpigia simu mmoja wa wale wafugaji, akapiga kelele kwa furaha, akasema mbuzi ameshachaguliwa. Asubuhi nikamvisha mume wangu shati jeupe na lile koti. Alipokuwa ameshavaa kiatu kimoja akaniuliza mafuta ya gari ni bei gani siku hizi. Nikamwambia hilo si lake. Akafikiri. Kisha akajiinamia, akakivua kiatu. "Huko ni mbali," akasema. "Wacha hizo pesa zikae. Labda tutazihitaji." Nilibembeleza hadi jirani aliyekuwa akingoja akazima injini. Nilisema maneno yote aliyowahi kuniambia yeye, kuhusu miaka na meno na kufa kwaja, na kila neno nililolisema alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa langu. Nilimpigia mfugaji tena nikamwambia mzee hajisikii vizuri. Nikampa jirani pesa ya usumbufu. Mume wangu aliona nikimpa, akageuza uso.

Watoto wakija na wajukuu wanamcheka kwa upendo. Mjukuu akiacha kipande cha mkate, babu anakifunga kwenye karatasi. "Baba amekuwa Mama wa pili," wanasema. "Mama, ulimfanyia nini huyu?" Nacheka nao. Halafu naenda jikoni kana kwamba nimesikia kitu kikiungua. Wao wanaona mzee mwangalifu. Mimi peke yangu ndiye niliyemjua mtu aliyekuwa akiniita tangu langoni, na ninajua alikwenda wapi na ni nani aliyempeleka.

Watu wa kikundi cha maombi wananiambia nishukuru, yuko hai, anatembea, hana deni, hana ulevi. Nashukuru. Kila asubuhi nashukuru kwa sauti. Lakini ninapofunga macho naomba kitu kingine: atake kitu. Chochote. Aniudhi. Aniambie nguo hii hainipendezi, chakula hiki hakina ladha, nipeleke mahali. Mtu ukimuuliza unataka nini naye anajibu, "Chenye kiko," mara elfu, unaanza kuogopa kumuuliza.

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka ibada, tukaketi nje kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Nikamimina chai. Akaonja, akaweka kikombe chini. Akakishika tena, akakiweka. Nilimwona anatafuta maneno, nikadhani ni ule ugumu wa ulimi.

"Mwalimu."

"Naam, mzee."

"Usikasirike."

Nikamwambia siwezi kukasirika, sema. Akatazama kikombe badala ya kunitazama mimi, na huyu ni mtu wa miaka karibu sabini aliyeendesha magari ya serikali nchi nzima.

"Nilikuwa naomba sukari," akasema. "Kidogo tu. Kama iko."

Nilikwenda mbio. Nilileta kopo lote, limejaa, nikalifungua mbele yake, nikamkabidhi kijiko mkononi. Nikamwambia iko, mzee wangu, iko nyingi, weka unavyotaka, weka hadi kikombe kimwagike. Akachota kijiko kimoja. Akakitazama. Akakigonga kwenye ukingo wa kopo hadi nusu ikarudi ndani, akatia iliyobaki kwenye chai, akafunika kopo na kukaza kifuniko kwa mkono wake mmoja, akalisukuma upande wangu.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Nikamwomba aongeze. Akasema imetosha.